Mheshimiwa Waziri, Naomba Safu Moja Tu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

Mheshimiwa, shikamoo. Huenda kwa umri mimi ndiye mkubwa, lakini cheo nacho ni ukubwa, na nililelewa na watu wenye adabu. Naomba radhi kwa kukuandikia hadharani. Ningekuja ofisini, ila nachelea kumsumbua mlinzi wako, ambaye hana kosa lolote katika jambo hili.

Mimi ni mwenye steshenari jirani na stendi, hapa Tabora. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua za posa. Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, mimi hugeuka pia kuwa mshauri wa udahili wa vyuo vikuu. Hakuna aliyeniteua. Tangu mwaka 2017, waombaji walipoacha kupitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wakaanza kuomba moja kwa moja katika kila chuo, vijana wa Sikonge na Kaliua wasio na kompyuta huketi kwenye benchi langu na kuniuliza, "Mzee, hapa nitapata?" Kwa heshima zote, Mheshimiwa, swali hilo ni lako. Limepotea njia tu likaingia dukani kwangu.

Nisidhaniwe kuwa mlalamishi. Kitabu cha mwongozo cha TCU nakisoma kila mwaka, na nakipenda. Kila kozi ina mstari wake: masomo yanayotakiwa, pointi za chini, idadi ya nafasi, miaka ya masomo. Kimeandikwa kwa Kiingereza kizuri mno, na hilo nalo silisemi leo.

Ila kuna jambo moja hakisemi, na nitathubutu kutoa mfano. Binti wa PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, amepata C tatu. C moja ni pointi 3, kwa hiyo ana 9. Anataka udaktari. Kitabu kinamwambia amevuka, naye anafurahi, mama yake anafurahi, mimi nafungua kompyuta. Lakini amevuka nini? Ni sawa na mtu aliyeuliza kama kuna kiti ndani ya basi, akajibiwa kwamba anaruhusiwa kuingia stendi. Mbele yake wamepanga foleni wenye A tatu, pointi 15, kutoka nchi nzima. Pembeni wapo wenye stashahada, nao wana haki yao katika kozi hiyohiyo. Chuo kinawapanga waombaji kuanzia juu, kinashuka mpaka nafasi ziishe. Mtu wa mwisho kuchukuliwa mwaka jana alikuwa na pointi ngapi? Hapo kitabu, kwa ustaarabu wake, kinanyamaza.

Binti akijaza udaktari kila chuo, awamu ya kwanza inapita bila jina lake. Awamu ya pili dirisha linafunguliwa tena, ila kwa kozi zilizobakiwa na nafasi tu. Sayansi ya maabara au kilimo, ambako pointi zake 9 huenda zingesikilizwa mwanzoni, pengine kumeshajaa. Ada ya maombi hairudishwi, wala mimi siwezi kurudisha ya kwangu, maana nina kodi ya fremu.

Kinachoniuma zaidi, kama naruhusiwa kuumwa, ni upande wa pili ambao hauzungumzwi. Wapo vijana wanaojishusha. Kijana wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) mwenye B mbili na C, pointi 11, anakaa mbele yangu na kuniambia nisiandike uhandisi kwa sababu mjomba kasema uhandisi ni wa watoto wa wakubwa. Huyo hatakatwa na chuo. Amejikata mwenyewe, na katika takwimu zako hataonekana popote, kwa kuwa hakuomba.

Basi mimi nafanya ninachoweza. Namwambia kila mmoja agawe machaguo yake: moja la ndoto, mawili ya saizi yake, moja la uhakika. Inasikika kama elimu. Ukweli ni kwamba hiyo "saizi yake" naikisia. Naangalia idadi ya nafasi, maana kozi ya watu 300 si sawa na ya watu 50. Naangalia mji, kwa sababu Dar es Salaam inapendwa hata na wasiojua watalala wapi. Naangalia masharti madogo, kama lile la ufaulu wa hisabati kidato cha nne, ambalo limewaangusha wengi waliosoma mstari wa kwanza tu. Nauliza pia habari ya ada, kwa kuwa chuo ambacho mzazi hawezi kukilipia mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB) ukikosekana si chaguo la uhakika, hata kama pointi zinatosha mara mbili. Baada ya hapo nawakumbuka wateja wa mwaka jana waliorudi kuprinti barua zao za udahili, nani alikuwa na ngapi, aliingia wapi. Hiyo ndiyo kanzidata yangu, Mheshimiwa. Imo kichwani, na kichwa chenyewe kina miwani.

Shule kubwa hazina shida hii. Mwalimu wao wa taaluma ana daftari la miaka mingi. Mtoto wa mhadhiri anauliza mezani wakati wa chakula cha usiku na kujibiwa kabla ya tunda. Nisieleweke vibaya, siwaonei wivu. Nasema tu kwamba habari hizo zipo, na zinatembea kwa undugu.

Tena zipo kwenu. Majina ya waliochaguliwa hupitia TCU kuhakikiwa kabla vyuo havijatangaza. Anayejua jina na pointi za kila aliyepita anamjua na wa mwisho. Majirani zetu Kenya, kupitia chombo chao cha KUCCPS, humwonyesha mwombaji kiwango alichoishia wa mwisho katika kozi hiyo miaka iliyopita, hadi desimali tatu. Vijana wao hubishana juu ya desimali. Wa kwetu hubishana juu ya mjomba.

Najua watakaokushauri watasema viwango hubadilika kila mwaka. Wana hekima. Ila aliyeambiwa mwaka jana iliishia 12 anaelewa kwamba mwaka huu inaweza kuwa 11 au 13. Hawezi kudhani ni 6. Watasema pia kwamba vipo vyuo vitakavyoona haya, vile ambavyo wa mwisho aliingia na pointi 4 zilezile za chini kabisa zinazoruhusiwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari tamu kuliko zote. Kijana mwenye pointi 5 anatafuta chuo hicho usiku na mchana, na hajui kilipo.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kwa unyenyekevu nisioweza kuupima, naomba safu moja katika jedwali: pointi za aliyechaguliwa wa mwisho, awamu ya kwanza, mwaka uliopita. Ukiwa na moyo wa ziada, ongeza idadi ya walioomba. Jedwali lipo, kozi zimeshapangwa, mistari imeshachorwa. Ikiwa tatizo ni wino, printa yangu iko chini ya wizara yako saa zote za kazi, ila Ijumaa mchana tunakwenda msikitini.

Wako mtiifu kupita kiasi,
Mwenye steshenari, Tabora.

Baada ya kuandika: Binti wa PCB ameuliza kama udaktari uwe chaguo la kwanza au la tatu. Nimemwambia asubiri kidogo, nimemwandikia Waziri. Ameniuliza kama Waziri anajua kwamba dirisha linafungwa keshokutwa.