Sifa za Njuka

Wazee wa pwani walitunga mashairi kuusifu mnazi, vijana huimba kuwasifu wachezaji wa mpira, na kwenye harusi husifiwa hata ukumbi. Njuka hajasifiwa na mtu. Namzungumzia yule aliyeripoti kidato cha tano wiki hii: tranka lake bado linanuka rangi, jembe na fyekeo vimefungwa kamba pamoja na ufagio wa chelewa kama maelekezo ya kujiunga yalivyotaka, na anauliza choo kiko upande gani kwa sauti ambayo hata yeye haisikii.

Hadhi yake haionekani mpaka ujue alikotoka. Ametoka shule ya kata, moja ya zile zilizochipuka kila kona baada ya MMES, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, kuanza mwaka 2004, wanakijiji wakisomba mawe na mchanga kwa zamu. Kule kila mtu ni ndugu. Mkuu wa shule hununua samaki kwa mama yako, mwalimu wa Bailojia amepanga chumba kwa mjomba wako, na ukitoroka kipindi saa tatu, saa sita bibi ameshajua, pamoja na somo lenyewe na ulikoelekea. Watu huuita huo upendo. Mimi nauita kifungo cha nje. Mtoto hawezi hata kuumwa tumbo kwa siri. Kabla hajafika zahanati ameshachemshiwa dawa tatu na nyumba tatu.

TAMISEMI ndiyo inayomwokoa. Orodha ya waliopangiwa shule ikitoka, mtoto wa Newala anajikuta amepangiwa Tabora, wa Ukerewe anapelekwa Songea, na sifa zao zote zinadondokea njiani pamoja na maganda ya machungwa. Kijijini alikuwa divisheni wani ya pekee. Mwenyekiti alimpa mkono mbele ya mkutano. Bwenini anagundua kwamba kila dabo deka imebeba divisheni wani za pekee za vijiji viwili, mmoja juu, mmoja chini. Matokeo ya jaribio la kwanza la Fizikia yanabandikwa, na vipanga wote wa kata wanatafuta majina yao kuanzia juu, vidole vikishuka taratibu. Usawa huu Azimio la Arusha la 1967 liliuhangaikia miaka na miaka. Unjuka unauleta kabla ya mapumziko ya saa nne.

Wala si wa leo. Mwaka 1937 Julius Nyerere alitoka shule ya Mwisenge, Musoma, akaingia shule ya serikali ya Tabora. Alikuwa mtoto wa mtemi, Burito wa Wazanaki. Kwa bahati mbaya, au tuseme nzuri, Waingereza walikuwa wameianzisha shule ile wakiwafikiria hasa watoto wa machifu. Kuwa mtoto wa mtemi mahali kama pale ni sawa na kuwa na pua.

Njuka ana neema za mezani pia. Bwaloni hupanga foleni nyuma ya kidato cha sita, nyuma ya viranja, nyuma ya yeyote mwenye sauti nzito. Hao wenye haraka huchotewa mchuzi. Maharage, kwa tabia yake, huzama, na mpishi aliyechoka hakorogi. Zamu ya njuka inapofika, upawa unakwangua chini na kuibuka na mzigo. Ni kweli, mawe nayo huzama. Tusitafute ila kwenye neema.

Wapo wanaolalamika kwamba njuka hufulishwa mashati ya watu na kuimbishwa juu ya kitanda usiku. Walimu wamekataza, na wana haki. Mimi sifa yangu naiweka kwingine: hakuna anayemjua. Jioni kiranja huhesabu vichwa, hahesabu majina. Njuka akilala na homa, mwenzake atapita mbele ya kiranja mara mbili na hesabu itakubali. Hakuna bibi mwenye habari, hakuna anayemchemshia dawa hata moja. Uhuru ulioje!

Dosari moja tu nimeiona, na inanisikitisha. Siku ya pili ya homa, yule wa kitanda cha juu, ambaye wiki mbili zilizopita hakujua kama Newala ni mtu au mji, anashuka na kikombe cha uji wa bwaloni uliokwisha poa. Anauliza kama amekunywa Panadol. Kesho yake anataka kujua mama yake anauza nini. Kufika Desemba wanafuliana soksi, wanajua madeni ya kwao, na mmoja akikosa kipindi mwingine anaulizwa. Kifungo kimeanza upya, tena safari hii wamejifunga wenyewe.

Jirani yangu mtoto wake amepangiwa shule iliyo umbali wa bodaboda moja kutoka nyumbani, na mwalimu wa taaluma pale ni shemeji yao. Wakachinja kuku. Nilikula, nikanawa, kisha nikamvuta kijana pembeni nikampa pole.