Bibi Bulabo na Nyumba Isiyo na Sumu

Ndugu yangu mwenye mke na watoto, hebu sema ukweli: kwako nani anaamua sabuni ya kuoshea vyombo? Kama ni wewe, funga gazeti, haya hayakuhusu. Kwangu hapa Kisesa, ndani kidogo ukiiacha barabara kuu ya kwenda Musoma, tunaishi mimi, mke wangu, mapacha Kulwa na Doto, shemeji aliyekuja kutafuta kazi akaipata ya kukaa kwangu, na mama mkwe anayekuja kwa msimu. Maoni yangu huulizwa mwisho, baada ya paka.

Mke wangu ni Mama Kulwa. Akiwa mbali namwita NEMC. Nadhani unawafahamu, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, waliopo tangu 1983, wale wanaomtembelea mwenye kiwanda na kumuuliza maji yake machafu yanaelekea wapi. Huyu wangu hana kiwanda cha kukagua, kwa hiyo anakagua nyumba. Alirudi kutoka semina ya akina mama na daftari limejaa, akafungua kabati la chini ya sinki, akaanza kutoa kimoja kimoja huku akikisomea mashtaka. Dawa ya mende, nje. Manukato ya chooni, nje. Nafthalini ya kwenye sanduku la vitenge, nje. Krimu ya kung'arisha ngozi aliyozawadiwa na wifi yake, isiyoandikwa imetengenezwa kwa nini, aliishika kwa vidole viwili akasema hiyo huenda ina zebaki. Hakuwa anazusha. Zebaki kwenye krimu za kujichubua imetajwa hadi kwenye Mkataba wa Minamata wa 2013. Dada yangu mpaka leo anadhani krimu ilipendwa ikaisha.

Sasa elewa msiba wangu. Mimi riziki yangu ni duka la vifaa vya ujenzi pale Igoma: rangi, thina, gundi, dawa ya mchwa. Watoto wanasomeshwa na sumu. Nilipomkumbusha hilo alinijibu, "Ndiyo maana nataka iishie hukohuko, Baba Kulwa." Tangu hapo nikirudi jioni napokelewa nje, kwenye simtanki. Navua shati la dukani, nanawa hadi kwenye viwiko, ndipo mlango unafunguliwa. Jirani mmoja aliniuliza kwa upole kama nimeanza kazi ya kuosha maiti.

Ubaya wa NEMC ni kwamba hasemi hovyo. Chukua dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya kuzunguka. Nilipoitetea alinisomea kwenye simu kwamba watafiti waliipima mwaka 2003, wakakuta vumbi laini linalotoka kwenye koili moja ni sawa na la sigara 75 hadi 137. Mimi niliacha sigara kwa ajili ya ndoa hii, kumbe kila usiku nilikuwa navuta pakiti na pakiti nikiwa nimelala. Koili ikaondoka, vyandarua vikafungwa kila kitanda, na hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni kibarazani. Pale alipanda mchaichai kuzunguka viti, akaniambia nikae kwa amani. Mbu wa Kisesa wanatoka kwenye majaruba ya mpunga wakiwa wamechoka, wanatua kwenye mchaichai kupumzika, kisha wanaendelea na safari ya kuja kwangu.

Tungezoea. Ila mwezi wa sita ukafika, na mwezi wa sita hapa kwetu ni Bulabo. Karibu na sikukuu ya Ekaristi, ngoma zinakusanyika Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padre David Clement. Makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu yanashindana kuvuta watu, na wachezaji wa nyoka wanajizungushia chatu shingoni mbele ya wageni. Mama mkwe hajawahi kukosa. Anashuka kwenye basi la kutoka Magu na mabegi matatu, anatazama ngoma, halafu anabaki. Mwaka huu aliondoka mpunga ukiwa umeshauzwa. Ndiyo maana, tena akiwa mbali sana, namwita Bibi Bulabo.

Kwa mila zetu mama mkwe si mtu wa kubishana naye. Chumba anacholala siingii, hata kama kinaungua. Naye ana namna yake ya kuniheshimu: akiwa na neno zito hasemi nami, humwambia Doto kwa sauti inayofika hadi barabarani. Asubuhi ya kwanza alimkuta binti yake anasugua sufuria kwa majivu na limau. Alisimama mlangoni muda mrefu, kisha akamgeukia mjukuu.

"Doto, mwambie baba yako. Mimi nimesugua vyungu kwa majivu tangu sijang'oa jino. Nimenywea kibuyu. Nimelalia ngozi. Nimefukiza mavi ya ng'ombe kufukuza mbu mpaka macho yakawa mekundu. Nikauza ng'ombe, mama yako akasoma, ili haya mambo yaishe. Sasa amenikaribisha mjini kunionyesha majivu!"

Kulwa, ambaye ni wa klabu ya mazingira shuleni na ni NEMC mdogo, akaanza kumweleza bibi yake habari za samaki na mapovu ya sabuni. Bibi akamwambia samaki amewala kabla baba yake hajazaliwa. Mimi nilikuwa nakunywa uji. Nilikunywa taratibu sana.

Hapa niseme nilivyoona, kwa kuwa mezani hakuna aliyeniuliza. Wenye hamu ya vibuyu, majivu na vikapu karibu wote ni watu ambao hawakuvitumia kwa kukosa kingine. Mke wangu alikulia kwenye shule za bweni na sabuni ya mche. Bibi Bulabo ndiye aliyeyaishi maisha hayo ya asili, na anayachukia kwa moyo wote. Anachopenda ni plastiki. Ndoo, beseni, jagi lenye maua, akipewa anapiga vigelegele. Ukimletea kikapu cha ukindu anauliza kama biashara imeharibika.

Sasa shemeji. Huyu tunamwita Injinia, kwa kuwa aliwahi kufika mwaka wa pili wa kitu fulani. Injinia aliposikia dada yake anataka kuachana na mkaa wa miti akaona nyota yake imewaka. Alipendekeza mkaa mbadala wa magugu maji. Magugu hayo yameusumbua upande wetu wa ziwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo, alisema, malighafi ni ya bure na tunamsaidia mvuvi. Kwenye karatasi hakuna dosari. Alikodi guta kwa hela yangu, akaenda Kayenze, akarudi na shehena inayotiririka maji na konokono, akaitandaza uani. Kile ambacho karatasi haikusema ni kwamba gugu maji zaidi ya asilimia 90 ni maji. Tulinusishwa uvundo wa ziwa hadi mtaa wa tatu, kuku wakaacha kutaga, na guta zima likakauka likatosha karai moja. Akalisaga, akalichanganya na uji wa muhogo, akafinyanga madonge. Lile tulilowasha lilitoa moshi ambao NEMC, kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu, hakuupimia takwimu.

Kwa kutaka kusafisha jina, Injinia akajitolea kuosha choo. Hapo ndipo palipoharibika kabisa. Sheria mpya ya choo ni siki. Lakini kwenye kona ilikuwa imesalia nusu chupa ya dawa ya klorini ya kutakatishia nguo, ikisubiri hukumu. Injinia akafikiri kama fundi: hii ina nguvu, ile ni salama, nikizichanganya napata nguvu salama. Ndugu msomaji, klorini ikikutana na siki inatoa gesi ileile ambayo jeshi la Ujerumani liliwafungulia adui zao kule Ypres, Ubelgiji, mwezi wa nne 1915. Alitoka chooni akikohoa, macho yanabubujika, akipiga kelele tokeni, tokeni! Tukatoka. Paka alitutangulia.

Madirisha yakafunguliwa, tukakaa chini ya mwembe tukimpepea Injinia na ungo. Na Doto, mtoto mwenye huruma kuliko busara, akakumbuka mizigo ya bibi yake. Akachomoka, akaburuta begi la chini ya kitanda hadi uani kabla hatujamkamata, na zipu ikapasuka mbele za watu.

Kwanza ikamwagika mifuko ya rambo. Ile yenyewe, ya bluu na nyeusi, iliyopigwa marufuku nchi nzima tarehe 1 Juni 2019, imekunjwa pembetatu kama sambusa, mamia. Kwa kukutwa nayo ilitangazwa faini ya papo kwa papo ya shilingi 30,000. Nikatazama barabarani kama kuna mjumbe anapita. Bibi akaokota mmoja mmoja bila haraka, akamwambia Doto kwamba serikali hubadilika na mifuko itarudi.

Kisha ikabiringika chupa ya soda. Ndani hakukuwa na soda. Ilikuwa dawa ya pamba, ya kupulizia wadudu shambani, ambayo usiku alikuwa akiinyunyiza kwenye chaga za kitanda kwa sababu, alisema, nyumba yetu safi ina kunguni. Na kweli tulikuwa nao, tangu watoto waliporudi kutoka kwa wageni fulani ambao ni ndugu zangu.

Sijawahi kumuona NEMC ananyamaza vile. Chupa ya soda, watoto wawili, chini ya kitanda. Mimi nilimkumbuka marehemu mjomba, aliyekuwa akinunua sangara visiwani. Mwaka 1999 Ulaya ilikataa samaki wa Ziwa Victoria kwa kuwa kuna watu walikuwa wakivua kwa kumwaga dawa za shambani majini, na mjomba akarudi nyumbani na mizani yake begani. Sumu ya aina hiyohiyo sasa ilikuwa inalala kwangu, ikiniamkia.

Mke wangu alizungumza na mama yake kwa Kisukuma, taratibu, na kwa heshima yote. Sikupata kila neno. Bibi aliikabidhi chupa. Lakini uipeleke wapi? Chooni haimwagwi, itafika kisimani. Kufukia ni hivyohivyo. Afisa ugani niliyempelekea aliitazama, akanishauri niifungie mbali na watoto mpaka litokee zoezi la kukusanya dawa chakavu. Kwa hiyo ipo dukani kwangu, ndani ya ndoo yenye kufuli, nimeiandikia SI SODA. Nalipa kodi ya pango, nayo inakaa bure.

Kunguni waliuawa kwa joto, maana nyuzi 50 hawazivumilii, wao na mayai yao. Magodoro juani, maji ya kuchemka kwenye kila ufa wa chaga. Kuchemsha maji yote hayo kukamaliza mtungi wa gesi wa kilo 15 niliokuwa nimeununua kwa kujibana, na kabla jioni haijafika Injinia alitumwa kununua mkaa. Wa miti. Serikali, kwenye mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024, imejipa hadi 2034 kuwafikisha Watanzania asilimia 80. Mimi nimejiandikisha mapema kwenye ile 20.

Usidhani wamekoma. Injinia sasa anachora mtambo wa gesi ya samadi. Anasema CAMARTEC, kile kituo cha teknolojia za vijijini cha Arusha, wameshughulika nayo tangu miaka ya 1980, kwa hiyo safari hii si yeye aliyebuni, na hilo peke yake limenitia moyo. Shimo limeshachimbwa pale nilipotaka kuegesha gari nitakalonunua. Kilichokosekana ni kinyesi cha ng'ombe, na mwenye ng'ombe katika ukoo huu ni mmoja tu. Mke wangu alimpigia simu Magu wiki iliyopita, akaweka spika. Bibi Bulabo alicheka hadi akakohoa, kisha akataka aitiwe Doto.

"Mwambie baba yako mavi yapo. Ndoo shilingi elfu mbili, guta alete yeye, na aje na ndoo za plastiki. Mkwilima hakopeshwi."