Sifa Tano kwa Lawama Moja

Nina neno na wifi yangu, na kwa kuwa yuko Lowell, Massachusetts, ambako simu zangu huzipokea akipenda, nitalisemea hapa. Wenye ndugu Marekani hutumiwa viatu na manukato. Sisi tumetumiwa ushauri wa ndoa. Ametulipia programu nzima ya mtandaoni, kisha akaandika: "Wifi, hii ni ya kuwasaidia mzidi kupendana." Mzidi! Nani alimwambia tumepungua?

Mimi na baba watoto tunaelewana. Nalisema hili kwa sauti ya chini, maana tunakaa Mwiki, hii ya Ruiru, si ile ya Kasarani ambako watu wa boda boda hupeleka vifurushi vyetu, na kuta za ploti yetu hazifichi siri ya mtu.

Programu ilianza na fomu. Fomu ikataka kujua ni nani kati yetu humtoa mbwa matembezi. Mbwa wa ploti hii hufungwa mchana na kufunguliwa usiku, akitaka kutembea hajamwomba mtu ruhusa. Ikauliza ni nani hupanga vyombo kwenye mashine ya kuoshea. Lakini haikuuliza ni nani aliyemaliza tokeni za stima kwa kupiga pasi shati moja. Haikuuliza kuhusu matatu za Githurai kupandisha nauli mvua ikianza kunyesha, mtu akafika nyumbani amenuna na hakuna aliyemkosea. Tulipomaliza kujaza, tukaambiwa kwamba alama zetu ni nzuri mno, na kwamba huenda tuna tabia ya kukwepa migogoro. Kweli tunaikwepa. Kwani mgogoro nao ni wa kwenda kuutafuta?

Nilitaka tuache hapo. Lakini programu ilikuwa imeshamwingia baba watoto. Huyu ni mtu wa maneno machache, muuzaji wa duka la hadwea, aliyezoea kuhesabu misumari na kupima waya. Sasa wakampa somo la John Gottman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyewaweka wanandoa kwenye maabara yake mjini Seattle, akawatazama wakizozana, akahesabu. Aligundua kwamba wale ambao ndoa zao hudumu, hata katikati ya mzozo, hutendeana mema kama matano kwa kila baya moja. Na Gottman sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na aliyempa muuza misumari hesabu hiyo.

Asubuhi yake akaketi mezani, akanyoosha kidole gumba. "Mama watoto, kilemba kimekukaa." Kidole cha pili. "Chapati za jana zilikuwa laini." Cha tatu. "Mama yako ni mtu wa maombi." Cha nne. "Leo hukukoroma." Cha tano kikamtatiza, akatazama dari. "Stima zipo." Kisha akafunga ngumi, akashusha pumzi: "Sasa, chai haina sukari."

Zamani angesema tu "Sukari?" nami ningemsogezea mkebe, yakaisha. Siku hizi nikisifiwa moyo hunienda mbio, nakaa nangoja pigo.

Likaja somo la Gary Chapman, mchungaji wa Kibaptisti wa North Carolina, ambaye kitabu chake cha mwaka 1992 kimekuwa kama sadaka ya pili katika semina za ndoa za makanisa yetu. Chapman anasema kila mtu ana lugha yake ya upendo, nazo ni tano: maneno ya kutia moyo, muda wa pamoja, zawadi, matendo ya kusaidia na mguso. Tukaagizwa kila mmoja aitaje yake. Baba watoto akafikiri sana, akaandika: "Kuwekewa nyama iliyo chini ya sufuria." Programu ikakataa, ikamwambia achague moja kati ya tano.

Kilichotumaliza ni kikao cha ana kwa ana na mshauri. Saa moja jioni ya Massachusetts, msimu wao wa baridi, ni saa tisa usiku hapa kwetu. Tukaamka, tukaegemeza simu kwenye mkebe wa sukari, tukakaa bega kwa bega tukipiga miayo. Mama wa watu, mpole, akauliza kwa Kiingereza cha puani: ni lini mara ya mwisho mlijihisi mko pamoja kwelikweli?

Kabla hatujajibu, mfereji ukakohoa.

Mwiki wanajua sauti hiyo. Maji yanapokuja usiku hayangoji mtu. Baba watoto alikuwa ameshafika kwenye mapipa kabla sijavaa ndara. Yeye akashika mpira, mimi mitungi. Akijaza navuta, nikivuta anasukuma mwingine, na kifuniko kilichopotea tangu Jumapili akakitoa mfukoni bila kuulizwa. Hatukusemezana neno. Tuliporudi tumelowa hadi magotini, mshauri bado alikuwa anautazama ukuta wetu, uso umejaa huruma. Akasema ameona tulivyoondoka ghafla swali lilipokuwa gumu, na kwamba hilo tutalifanyia kazi.

Majirani nao walikuwa wameona yao. Taa saa tisa usiku, sauti ya mwanamke wa kigeni, kisha kishindo cha mitungi. Kesho yake mama mboga akanifungia dania ya bure juu ya sukuma na kuninong'oneza: "Vumilia, mama, wanaume ni hivyo." Mama mkwe akapiga simu kutoka Murang'a kuuliza mwanawe amefanya nini. Jumapili wazee wawili wa kanisa wakabisha hodi, Biblia kwapani. Wakauliza swali moja: "Kuna nini?" Tukajibu, "Hakuna." Wakatutazama, wakatazamana, wakanywa chai, wakamaliza mkate, wakaomba, wakaenda. Fomu peke yake ilituchukua muda mrefu kuliko huo.

Ushauri wa ndoa haukuletwa kwetu na intaneti. Pwani mwari hukabidhiwa somo wake amfunde kabla ya harusi. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka baraza la usuluhishi katika kila kata, na kwa kawaida huwezi kupeleka ombi la talaka mahakamani bila hati ya baraza kwamba limejaribu kuwapatanisha likashindwa. Kenya, Sheria ya Ndoa ya 2014 inawaruhusu waliooana kimila kupitia usuluhishi wa kimila kabla mahakama haijaamua. Lakini angalieni: kote huko, baraza na wazee huitwa nyumba ikiwa na moshi. Hakuna sheria iliyomtuma mzee kwenda kuwaamsha saa tisa usiku watu wanaopendana awaulize kama wana hakika.

Sisemi washauri hawana kazi. Mwaka huohuo wa 2014 Kenya ilipata sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia, yenye bodi ya kuwasajili. Kwa hiyo kama mmenyamaziana miezi, kama fedha zimewagawa au mtoto mliyempoteza bado analia ndani yenu, mtafuteni mshauri, awe ofisini au kwenye simu, na muulizeni kwanza kama amesajiliwa. Kipigo si cha mshauri, hicho ni cha polisi. Ajabu ni kwamba wanaomhitaji huyo mshauri ndio wasiotaka kumsikia, na sisi tusiomhitaji ndio tunaokesha naye.

Nanyi wenye amani, tulieni nayo, tena mfunge midomo. Ikishajulikana hapa Mwiki kwamba ndoa yenu haina kasoro, kila mwenye harusi atawataka muwe wasimamizi wake, na msimamizi wa harusi siku hizi hujinunulia suti, hukaa kwenye kamati hadi usiku, na hutoa mchango wa kwanza.