Mimi na Kampuni Yangu

Mpaka mwaka juzi nilikuwa mtu mmoja tu hapa Kwaluguru: mwenye mashine ya kusaga. Nakadiriwa kodi, nanung'unika kidogo, nalipa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba, maisha yanaendelea. Kisha mpwa wangu anayesoma Dodoma akaja likizo.

"Mjomba, fungua kampuni. Utapata zabuni ya unga wa mashuleni."

Nikasajili kampuni BRELA, mke wangu akawa mkurugenzi mwenzangu na nusu ya hisa akapewa. Zabuni sijaiona hadi leo. Kampuni ninayo.

Kumbe kampuni ni mtu! Ina TIN yake, nami nina yangu. Tena ni mtu mkubwa: hata mauzo yake yawe ya debe mbili, haikatwi kwa makadirio ya mauzo kama sisi wadogo. Inalipa asilimia 30 ya faida, na ili faida ijulikane lazima hesabu ziandikwe. Tatizo, mtu huyu hana suruali. Mfuko ni wangu. Dizeli ya kampuni na daftari za mtoto hutoka kwenye noti moja, na chenji ikirudi sijui ni ya nani kati yetu.

Nikaambiwa dawa ni risiti za EFD. Basi kila nikinunua dizeli au mkanda wa mashine nadai risiti kwa ukali, natia kwenye mfuko wa nailoni, naning'iniza msumarini jirani na bomba la moshi, mahali ambapo panya hafiki. Panya kweli hakufika. Juni ilipoingia, mwezi wa kupeleka ritani, nikapanda bodaboda mpaka lami, gari mpaka Korogwe, nikamwagia mhasibu mfuko wangu mezani. Nusu ya risiti zilikuwa nyeupe kama sanda, nusu nyeusi kama sufuria ya kuni. Karatasi ile haina wino, akanieleza taratibu kama anayempa mtu habari ya msiba. Huandikwa kwa joto. Nailoni na mafuta vimezifuta hizi, bomba limezichoma hizi.

Tukabaki na kaunta buku.

"Mzee, huyu M.M. ni mteja gani? Kasaga mara arobaini na moja, hajalipa hata senti."

"Mama mkwe."

Akanitazama. Alikuwa kijana, hajaoa, sikumlaumu.

"Na hapa, kila Ijumaa, sembe kilo kumi, 'nyumbani'?"

Mkurugenzi mwenzangu, aliyekuwa kimya tangu tuketi, akakaza kanga. Unga wa kampuni, akasema yule kijana, hauwezi kutoka bure. Ukiwa mshahara, una kodi yake ya mshahara. Ukiwa gawio la mwenye hisa, unakatwa asilimia 10.

"Mwanangu," akasema mke wangu, "huo unga anaula nani?"

"Nyie, mama."

"Na kampuni ni ya nani?"

"Yenu. Lakini kampuni ni mtu mwingine."

Mke wangu akanigeukia mimi.

"Baba Zuhura, huyo mtu mwingine unayemlisha, mbona kwangu hujawahi kumleta?"