Nilikutuma Ua, Umeniletea Ukungu

"Kijana wangu, mimi nilikutuma ua. Wewe umeniletea ukungu."

Mama anayeuza miche ya maua kando ya barabara mjini Kitale alimrudishia mpiga picha simu yake mbele ya wateja na mwendesha bodaboda, ambaye naye alinyoosha shingo, akaikagua picha, akakubaliana na mama. Ncha ya petali moja ya waridi ilionekana hadi tone la umande. Kwingine kote ni wekundu uliomwagika.

Mpiga picha analaumu hesabu. Namba ya tundu la lenzi hutokana na kugawanya urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu: lenzi ya milimita 100 ikiwekwa f/2.8 hufungua tundu la milimita 36 hivi. Ikiwekwa f/11, milimita 9 tu. Ndiyo maana namba ndogo ni tundu kubwa. Tundu likipanuka, sehemu inayoonekana sawasawa huwa nyembamba, na kadiri unavyolisogelea ua ndivyo inavyozidi kukonda. Ua likichorwa ndani ya kamera kwa ukubwa wake halisi, f/2.8 inakuachia unene usiofika nusu milimita. Sisimizi akipita hapo, miguu ya upande mmoja itahesabika. Ya upande wa pili itakuwa uvumi.

Dawa ni kubana tundu hadi f/11, upate milimita moja na kidogo. Lakini mwanga unaoingia hupungua mara 16. Kasi iliyokuwa 1/800 ya sekunde huteremka hadi 1/50, na upepo wa Mlima Elgon hausubiri hata hiyo 1/50. Ukipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, picha hujaa chembechembe kama shati la msaga mahindi. Ukisimamisha stendi ya miguu mitatu, anatokea mtu mwenye koti la kazi kuuliza kibali, ilhali pembeni watu wanapiga ua lilelile kwa simu bila kuulizwa chochote.

Huko Chwele, Bungoma, mpiga picha alifika jioni kuvizia mwanga laini. Alizeti zilizokomaa hutazama mashariki wala hazigeuki tena, kwa hiyo kwa mwanga wa magharibi alipata visogo vilivyopigwa vizuri sana.

Picha ya ua la mti wa Nandi flame huko Webuye nayo ilitoka bonge moja jekundu, kwa kuwa katika ua jekundu wekundu hujaa kwenye kamera kabla ya rangi nyingine.

Alizeti alizirudia asubuhi, akazipata nyuso. Muuza mafuta mmoja akazipenda, akazitaka bure: "Si ni kubonyeza tu?" Kubonyeza huko kuna lenzi ya mkopo, nauli ya matatu kutoka Kitale na suruali iliyolowa umande hadi magotini. Yeye mafuta yake hayagawi bure eti ni kukamua tu. Aliahidi, badala ya malipo, kuliandika jina la mpiga picha kwenye chupa.

Ametimiza. Jina lipo, limekosewa herufi mbili, chini ya tarehe ya mwisho wa matumizi.