Kalamu Isiinuke

Sheria ya kuchora kwa mstari mmoja ni fupi: kalamu ikishagusa karatasi haiinuki mpaka mtu aishe, kuanzia utosini hadi kidole gumba cha mguu. Hakuna kufuta. Ukiwa sikioni na unataka kwenda puani, tafuta njia, lakini usiruke. Aliyeitunga sheria hii, naapa, hakuwahi kukaa Nakalale, huku kwetu Turkana.

Mwalimu wetu, kijana wa kujitolea, aliongeza chumvi kutoka kwa Kimon Nicolaïdes, Mmarekani aliyefundisha uchoraji New York na ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1941, mwenyewe akiwa ameshafariki. Nicolaïdes anataka macho yabaki kwa anayechorwa, yasishuke kwenye karatasi, nawe ujione kana kwamba ncha ya kalamu inamgusa mwilini. Mzee aliyekubali kusimama mbele yetu alipotafsiriwa hayo, aliuliza itamgusa wapi hasa, kisha akaishika fimbo yake vizuri.

Shida ya kwanza ni adabu. Huku mtu hapiti penye watu bila kusalimu, na salamu ni ya mkono. "Ejok!" Unaitikia "Ejok," na mkono unatakiwa. Mkono upi? Ule ule wenye biro. Kumpa mtu mzima mkono wa kushoto ni utovu wa heshima. Kumwambia angoje kwanza nifike kiwikoni ni balaa. Nikawa natoa kigasha, kama afanyavyo aliyetoka kula, nacho kikapokewa kwa moyo mkunjufu na kutikiswa sawasawa. Kila mpita njia aliacha alama yake. Mama mmoja mchangamfu aliponisalimu, pua ya mzee ilivuka mpaka ikaingia Sudan Kusini.

Shida ya pili ni darasa lenyewe. Darasa letu ni kivuli cha mgunga, na kivuli hakina kiti. Saa nne kiko magharibi ya shina, saa nane kiko mashariki, na katikati ya hapo wanafunzi tunajikokota kwa makalio, daftari mapajani, kalamu haijainuka. Mzee yeye hakuhama. Alisimama kwa mguu mmoja, wayo wa pili umetua kwenye goti, jua likimpiga, wala hakuhema. Sisi tuliokaa chini ndio tuliolalamika kwamba miguu imekufa ganzi.

Alipokuja kukagua kazi, alinyamaza kidogo. "Mguu wangu mwingine umeupeleka wapi?" Nikamweleza kwamba upo, ila mstari umepita juu yake ukielekea kwenye fimbo. Hakuridhika. Akachora mchangani mtu mwenye miguu yote miwili, mbuzi wake, na ekicholong, kile kigoda cha kukalia mchana na kulazia kichwa usiku, huku akiinua fimbo kila alipotaka. Darasa zima lilihamia kwake.

Kwa mama aliyemfuata nilikutana na shanga. Shanga za mama wa Kiturkana zinapanda kutoka mabegani hadi chini ya kidevu, mzunguko juu ya mzunguko, na shingo yenyewe huioni. Kwa mstari mmoja, huna budi kuzunguka, na kuzunguka, na kuzunguka. Shingo ikatoka kama springi ya godoro. Mama aliitazama, akasema shanga ndizo zenyewe, ila huyo aliyezivaa hamjui.

Mwalimu alitaka kututia moyo, akatuonyesha kwenye simu ngamia wa Picasso, aliyechorwa kwa mstari mmoja pia. Wachungaji waliokuwa karibu wakasogea, wakamkagua kuanzia nundu. Wakaafikiana kwamba mnyama huyo ametoka kwenye ukame, na hata akipelekwa sokoni Kakuma hatapata bei. Tulifarijika sana. Kumbe hata Picasso angepita Nakalale angejibu maswali.

Hata hivyo mstari huu una faida yake, na ndiyo maana bado nauendea mgungani. Ukimtazama mzee bila kuchungulia karatasi, unaanza kuona uzito wake unavyoshuka kutoka shingoni, unapita nyongani, unatua kwenye kisigino kimoja chenye nyufa, na fimbo inabeba kilichobaki. Nimewaona wazee wakisimama hivyo tangu utotoni, lakini kisigino hicho sikuwa nimekiona.

Basi nawe ukitaka kujaribu huku kwetu, salimia watu wote kabla hujashika kalamu. Kaa upande kivuli kinakokwenda, si kinakotoka. Mpe mzee tumbaku yake kabla hajapandisha mguu. Kisha mtazame mtu, si karatasi. Karatasi itapata wakati wake wa kukuaibisha.