Barua ya Wazi kwa Msajili wa Hati za Ardhi, Mombasa, 1908

Bwana Msajili,

Najua ofisi yako ilikwisha kufungwa, na Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya 1908 iliyokuajiri ilifutwa mwaka 2012. Lakini kila nikiulizia shamba tunaloishi hapa Kilifi, jibu huanzia kwako. Nimeona nisiwasumbue makarani, nikuandikie mwenyewe.

Kwanza, hongera. Wenzako kwingineko walinyang'anya ardhi kwa bunduki, kazi ya kelele na gharama. Wewe ulibandika tangazo: kila mwenye dai la ardhi katika ukanda wa Pwani wa maili 10 alilete kwa tarehe uliyopanga, na ardhi isiyodaiwa itakuwa ya Serikali ya Mfalme. Waliojua kuandika na waliokuwa na jamaa mjini walikuja mbio. Mababu zetu Wamijikenda walikuwa shambani. Mipaka yao ilishuhudiwa na makaburi, minazi na wazee, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoweza kugongwa muhuri. Ulichokiandika kwenye cheti hakikupingika tena. Mtu alilala mwenyeji akaamka skwota, na mkeka ni ule ule.

Na ulijua kuchagua wakati. Mwaka mmoja tu nyuma, 1907, utumwa ulifutwa kisheria hapa Pwani. Wenye watumwa walilipwa fidia. Watumwa walilipwa uhuru, ambao hauoti muhogo, kwa hiyo wengi wakabaki kwenye mashamba yale yale, kwa hisani ya wale wale.

Kuhusu ushahidi, nakuletea kielelezo. Mwaka 1914 serikali yako iliilipua kwa baruti Kaya Fungo, makazi matakatifu ya Wagiriama, ndugu zetu Wamijikenda, walipogoma kuwa wapagazi na vibarua. Mwaka 2008, miaka 100 tangu sheria yako, UNESCO iliitia kaya hiyo pamoja na kaya nyingine katika Urithi wa Dunia, ikieleza kwamba makazi hayo yalianza karne ya 16. Dunia imeshakubali kwamba tulikuwepo. Imebaki masjala ya ardhi.

Usidhani uhuru ulikuharibia kazi. Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, ambaye Sultani wake ndiye aliyekuwa mwenye ukanda huu kwa jina, walikubaliana kwamba hati zilizokwisha kusajiliwa Pwani zitatambuliwa siku zote. Bendera ikashushwa, faili zako zikabaki palepale.

Ungekuja uone matunda yake. Anayemwakilisha mwenye shamba huja na kitabu chake cha risiti, akakusanya kodi ya kiwanja. Nyumba ni yangu, ardhi chini yake si yangu. Masharti ni mawili: usijenge kwa mawe, usipande mti wa kudumu. Fito, udongo na makuti ruksa, maana tingatinga halipati taabu navyo. Mwembe na mnazi marufuku, kwa sababu mti ukikaa sana huanza kutoa ushahidi. Wakala akiuona mche wa mnazi umechomoza nyuma ya choo, huung'oa kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaomba maji ya kunawa. Baadaye wanakuja wataalamu na magari yao meupe, wanatazama viwanja vitupu, wanaandika kwamba watu wa Pwani ni wavivu, hawapandi mazao ya kudumu. Semina hufanyika hotelini, ufukweni. Ufukwe nao una hati.

Wanafunzi wako wamekuzidi, Bwana Msajili. Sheria ya mwaka 2016 ilitupa miaka 5 ya kupeleka madai ya dhuluma za kihistoria za ardhi. Dhuluma ina zaidi ya karne, dirisha miaka 5! Na kule Likoni, Serikali ililinunua shamba la ekari 930 lililokuwa limejaa watu, ikamlipa mwenye hati zaidi ya shilingi bilioni 1, kisha ikawageukia wakazi iwadai fedha hizo.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Naomba uniongezee muda wa kuleta dai langu la 1908. Sababu za kuchelewa: nilikuwa sijazaliwa, na babu yangu hakuwa na habari kwamba shamba lake linahitaji kuombwa.

Majibu usiyatume kwa namba ya kiwanja. Barua za namba hiyo humfikia mwenye hati, naye hajawahi kufika huku.

Wako mtiifu,
Skwota, Kilifi